Ukizuru Lisbon kwa gari la kukodi, uliza dhahabu ya Kilwa iko wapi

Na MWANDISHI WETU

KATIKA jiji la Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kuna chombo cha dhahabu kilichokamilishwa mwaka wa 1506. Dhahabu yake ilitoka Kilwa, mji wa kale wa Waswahili ulio kusini mwa pwani ya Tanzania. Kila siku magari ya kuwatembeza watalii hupita chini tu ya jengo kinamohifadhiwa chombo hicho, yakielekea kwenye majengo mashuhuri ya mtaa wa Belém, na mengi hayasimami hapo.

Abiria aliye ndani ya gari hana habari. Amelipa ada nono ili apate dereva wake, gari lake na saa zake, lakini njia amemwachia mwingine amchagulie.

Wakenya wanaofika Ulaya kwa biashara, masomo, mikutano au kuwatembelea jamaa zao aghalabu hujikuta na siku moja au mbili za mapumziko. Mojawapo ya njia za kuutazama mji kwa muda mfupi kama huo ni ziara ya faragha: gari la kukodi, dereva anayeujua mji, na abiria wasiochanganywa na wageni wengine.

Makala haya yanaeleza jinsi ziara ya aina hiyo inavyoendeshwa, inavyolipiwa, na mambo ambayo haiwezi kumfanyia mgeni. Tumeichukua Lisbon kuwa mfano kwa sababu ndiko zilikotoka meli za kwanza za Ulaya kuzunguka kusini mwa Afrika na kufika Mombasa na Malindi, mwaka wa 1498.

JINSI ZIARA INAVYOENDESHWA

Ziara ya faragha hutofautiana na basi la watalii kwa mambo matatu. Kwanza, dereva huwafuata wageni hotelini, katika uwanja wa ndege au bandarini zinakotia nanga meli za kitalii, kisha huwarejesha huko. Pili, gari haliwachukui watu wengine njiani. Tatu, ratiba inaweza kubadilishwa. Mgeni akitaka kukaa saa nzima mahali pamoja na kupaacha pengine, hakuna abiria mwenzake atakayelalamika.

Aghalabu ziara huuzwa kwa saa. Kuna ya nusu siku, yaani takribani saa nne, na kuna ya siku nzima ya saa nane. Ile ya siku nzima mara nyingi huongezwa safari ya kwenda Sintra, mji mdogo wenye makasri ya kifalme milimani, nje ya Lisbon.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitambui ni kwamba bei hutozwa kwa gari, wala si kwa kichwa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kampuni inatoza euro 320 kwa nusu siku. Mume na mke wakilikodi gari hilo peke yao, kila mmoja atakuwa amelipa euro 160. Wakiwa wanane katika gari la bei hiyo hiyo, kila mmoja atatoa euro 40. Hata gari kubwa likitozwa zaidi, bado wanaosafiri pamoja hupata nafuu.

Idadi hiyo ya watu wanane ina sababu yake. Katika nchi za Muungano wa Ulaya (EU), leseni ya kawaida ya gari dogo humruhusu mtu kuendesha gari lisilobeba zaidi ya abiria wanane, mbali na dereva mwenyewe. Kundi likizidi hapo, huhitajika basi dogo na dereva mwenye leseni ya daraja jingine, na gharama hupanda.

Kwa kawaida bei hujumuisha dereva, mafuta, bima na ada za maegesho. Tiketi za kuingilia katika majengo, chakula na bakshishi humwangukia mgeni. Asiyeuliza mapema huenda akashtuka anapofika mlangoni na kuambiwa atoe pesa nyingine.

Kisha lipo suala la dereva. Kuna dereva tu, na kuna mwongozaji wa watalii. Dereva mwenye uzoefu huweza kusimulia mengi akiwa kwenye usukani, lakini gari likisimama yeye hubaki nalo, nao wageni huingia ndani peke yao. Anayetaka kuelezwa anachokiona ndani ya kanisa au makavazi hana budi kumwajiri mwongozaji kando, au kuhakikisha kwamba aliyekodiwa anazifanya kazi zote mbili.

Nchini Ureno, kampuni inayouza ziara hutakiwa iwe imesajiliwa na Turismo de Portugal, taasisi ya serikali inayosimamia utalii, na iwe na bima ya ajali. Kwa hivyo si utovu wa adabu kuomba nambari ya usajili kabla ya kutuma malipo. Mwenye biashara halali huitoa bila kusita.

MJI WA VILIMA

Lisbon imejengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, karibu na mahali ambapo mto huo huingia katika bahari ya Atlantiki. Njia nyingi zimetandazwa mawe, ni nyembamba, na zina miteremko mikali. Mvua ikinyesha mawe hayo huteleza. Kwa mzee, mtoto mdogo au mtu mwenye ulemavu, gari huwa ndilo linaloamua iwapo ataiona ngome iliyo juu ya kilima au ataishia kuitazama kutoka chini.

Hata hivyo, gari halifiki kila mahali. Katika mitaa ya kale kama vile Alfama na Bairro Alto, njia kadhaa zimewekwa nguzo za chuma zinazopanda na kushuka ili kuwazuia wasio wakazi. Aliyewahi kutembea katika Mji wa Kale wa Mombasa au katika mitaa ya Lamu ataelewa kwa nini: vichochoro hivyo vilipimwa kwa upana wa mtu na punda.

Dereva mzuri huwashusha abiria wake juu ya kilima, akawaacha wateremke kwa miguu polepole, kisha akawangoja chini. Dereva mvivu huwazungusha pembezoni na kuwaonyesha mapaa. Tofauti kati ya wawili hao haionekani katika tangazo la biashara. Huonekana mteja anapouliza: “Ni wapi tutashuka, na tutatembea kwa muda gani?”

Mkazi wa Mombasa huenda akastaajabu kuzikuta tuktuk mjini humo, zikiwabeba watalii. Zilikuwa nyingi mno hata mwaka wa 2025 halmashauri ya jiji ikazipiga marufuku katika barabara nyingi za katikati mwa mji. Ipo pia tramu nambari 28, kigari cha reli kinachopanda na kushuka vilima kati ya Martim Moniz na Campo de Ourique. Nauli yake ni ndogo, ila hujaa pomoni na wachomoaji wa mifuko wanaifahamu vyema.

Zaidi ya hayo, kuna vigari vya reli vinavyovutwa kwa kebo kwenye miteremko. Kimojawapo, cha Glória, kilichoanza kazi mwaka wa 1885, kilipata ajali mnamo Septemba 3, 2025, na watu 16 wakafariki. Ni heri mgeni aulize vipi vinafanya kazi kabla ya kuviweka kwenye ratiba yake.

NGOME, TETEMEKO NA JIJI JIPYA

Ziara nyingi huanzia kwenye ngome ya São Jorge, au kwenye mojawapo ya sehemu za juu zinazotazama mto. Ngome hiyo ilikuwa ya Waislamu, waliotawala Lisbon tangu karne ya nane hadi mwaka wa 1147, ambapo Mfalme Afonso Henriques aliutwaa mji akisaidiwa na wapiganaji wa vita vya msalaba waliokuwa njiani kuelekea mashariki.

Chini ya ngome ndipo ulipo mtaa wa Alfama. Jina lake limetokana na neno la Kiarabu linalohusu chemchemi za maji moto na mahali pa kuogea, lenye asili moja na neno letu hamamu. Dereva akilitamka, Mswahili husikia kitu anachokijua kabla hajafafanuliwa.

Maneno hayo yamesafiri pande zote mbili. Meza, leso, bendera na mvinyo ni maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka kwa Kireno. Dereva anapoonyesha kanisa na kusema “igreja”, wataalamu wengi wa lugha watakuambia kwamba hilo ndilo lililozaa neno gereza katika pwani yetu.

Kutoka kilimani gari huteremka hadi Baixa, sehemu ya chini ya mji. Hapa njia zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, tofauti kabisa na Alfama. Sababu yake ni msiba wa Novemba 1, 1755.

Asubuhi ya siku hiyo, Wakatoliki wakiwa makanisani kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga. Bahari ikafurika na kuingia mjini, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Maelfu kwa maelfu ya watu walikufa. Waziri wa mfalme, aliyekuja kufahamika kwa cheo chake cha Marquês de Pombal, aliamuru sehemu hiyo ijengwe upya kwa ramani mpya, na nyumba zikatiwa fremu za mbao ndani ya kuta ili zistahimili mitikisiko. Huo ni miongoni mwa mifano ya mwanzo barani Ulaya ya mji mzima kujengwa kwa kuzingatia matetemeko.

Kanisa la Carmo, lililo juu kidogo, liliachwa bila paa. Matao yake yangali yamesimama wazi chini ya anga, na ni ukumbusho unaoeleweka hata na mtoto.

Kando ya mto upo uwanja mpana wa Praça do Comércio. Wenyeji wengi bado huuita Terreiro do Paço, yaani uwanja wa kasri, kwa kuwa kasri la mfalme lilisimama hapo hadi tetemeko lilipoliangusha. Katika majengo hayo ndimo ilimokuwa Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya Ureno katika Bahari Hindi. Nyaraka zake ziliangamia mwaka huo wa 1755. Mtafiti wa historia ya Kilwa, Mombasa au Sofala anayeuona uwanja huo anatazama mahali ambapo sehemu ya kumbukumbu anazozitafuta ilipotelea.

BELÉM, NA UPANDE WETU WA HADITHI

Kituo ambacho hakikosi katika ziara yoyote ni Belém, takribani kilomita sita magharibi mwa Baixa. Jina hilo ndilo Bethlehemu kwa Kireno. Gari hufuata mto, hupita chini ya daraja kubwa jekundu, na sehemu ya mwisho ya safari hiyo huwa kwenye barabara iitwayo Avenida da Índia.

Hapo ndipo yalipo makao ya watawa ya Jerónimos, yaliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel I. Gharama zake zilitokana kwa sehemu kubwa na ushuru wa takribani asilimia tano uliotozwa bidhaa kutoka Afrika na Asia, hasa viungo. Jengo hilo pamoja na mnara wa Belém ulio karibu yaliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 1983.

Ndani ya kanisa la Jerónimos, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama. Alifariki Cochin, India, mnamo Desemba 1524, na mifupa yake ikahamishiwa hapo mwaka wa 1880. Mkabala naye ni kaburi la mshairi Luís de Camões, aliyechapisha utenzi wake mkuu, Os Lusíadas, mwaka wa 1572. Katika utenzi huo, Vasco da Gama anamsimulia historia ya Ureno mfalme wa Malindi. Kwa maneno mengine, mji ulio katika kaunti ya Kilifi ya leo ndio ukumbi ambamo taifa la Ureno linajieleza katika kitabu chake kinachoheshimiwa kuliko vyote.

Simulizi anayoipata abiria hapo huwa ya ujasiri wa mabaharia. Ni kweli walikuwa majasiri. Lakini msomaji wa pwani anajua mengine. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498 na kuondoka kwa kutoelewana na wenyeji. Malindi ilimpokea vyema na kumpa rubani aliyemvusha Bahari Hindi hadi Calicut, alikofika mwezi wa Mei. Bila ya rubani huyo, aliyezijua pepo za kaskazi na kusi, safari hiyo ingekuwa ya kubahatisha. Huko Malindi pangali pana mnara wenye msalaba wa jiwe lililotoka Lisbon.

Yaliyofuata hayakuwa ya urafiki. Mwaka wa 1502 Vasco da Gama alirejea na kundi kubwa la meli za kivita, akamlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka wa 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, nao Waomani wakaitwaa mwaka wa 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili.

Hatua chache kutoka Jerónimos, ukingoni mwa mto, limesimama sanamu kubwa la Padrão dos Descobrimentos, lenye urefu wa mita 52. Wengi hudhani ni la kale. Lilijengwa kwanza kwa muda mwaka wa 1940 kwa ajili ya maonyesho, kisha likajengwa upya kwa saruji na mawe mwaka wa 1960, wakati wa utawala wa kiimla wa António Salazar, mataifa ya Afrika yalipokuwa yakijinyakulia uhuru. Ramani ya dunia iliyochorwa kwa mawe mbele yake ilikuwa zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya wakati huo. Dereva asiyetaja miaka hiyo hajadanganya, ila amemwacha mgeni aamini kwamba anatazama jiwe la karne ya 16.

DHAHABU YA KILWA

Sasa turejee kwenye chombo tulichokitaja mwanzoni. Kinaitwa Custódia de Belém, nacho kimo katika Makavazi ya Kitaifa ya Sanaa za Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, barabara ya Janelas Verdes. Jengo hilo lipo juu ya barabara ya 24 de Julho, ile ile ambayo magari huifuata kuelekea Belém.

Ni monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuionyesha Ekaristi Takatifu kwa waumini. Kina urefu wa zaidi ya sentimita 70. Mitume 12 wa dhahabu wamepiga magoti kuzunguka mahali pa kuwekea Ekaristi, na pande zote kimepambwa kwa rangi za kioo zilizoyeyushiwa juu ya dhahabu. Kazi hiyo inahusishwa na sonara Gil Vicente. Mfalme Manuel I alikiusia kwa watawa wa Jerónimos.

Dhahabu yake ni ile ya kodi iliyotozwa Kilwa, ambayo Vasco da Gama aliifikisha Lisbon mwaka wa 1503. Jambo hili halikuibuliwa na wanahistoria wa baadaye. Limeandikwa kwenye tako la chombo chenyewe: kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika mwaka wa 1506.

Kilwa haikuwa na migodi. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nyanda za Zimbabwe ya leo, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, na wafanyabiashara wa Kilwa wakaisafirisha kaskazini. Biashara hiyo ndiyo iliyoujenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na kuupa mji huo sifa ambazo msafiri Ibn Battuta aliziandika baada ya kuuzuru mwaka wa 1331. Magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, ni Turathi za Dunia tangu mwaka wa 1981.

Mtu anaweza kusimama Kilwa Kisiwani, akayaona magofu, na asione hata punje ya dhahabu iliyoupa mji utajiri. Kiasi cha dhahabu hiyo kipo Lisbon, nyuma ya kioo, kikiwa na jina la mji wake. Ziara ya saa nne haihitaji zaidi ya nusu saa ili kukiona.

Kuna vituo vingine ambavyo gari hupita bila neno. Karibu na uwanja wa Rossio upo ua wa kanisa la São Domingos, wanakokutana Waafrika wengi, hasa wenye asili ya Guinea-Bissau. Upande mwingine wa mji ipo barabara ya Poço dos Negros, ambayo jina lake humaanisha kisima cha watu weusi. Jina hilo huhusishwa na amri ya Mfalme Manuel I ya mwaka wa 1515 ya kuchimba shimo la kuzikia watumwa waliokuwa wakitupwa ovyo walipokufa.

Kadhalika, uwanja mdogo wa Largo do Carmo, mbele ya lile kanisa lisilo na paa, una uhusiano na Afrika Mashariki. Hapo ndipo Waziri Mkuu Marcelo Caetano alipojisalimisha mnamo Aprili 25, 1974, baada ya maafisa wa jeshi waliochoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji kuipindua serikali. Chama cha FRELIMO, kilichopigana vita hivyo nchini Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka wa 1962. Msumbiji ilijipatia uhuru Juni 25, 1975. Lile daraja jekundu lililofunguliwa mwaka wa 1966 kwa jina la Salazar sasa linaitwa Aprili 25.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Anayetaka kuitumia vyema ziara ya faragha na aulize haya kwa maandishi: Je, bei ni ya gari au ya mtu? Saa zinaanza kuhesabiwa lini, mgeni anapopanda gari au gari linapoondoka gereji? Nikizidisha muda nitatozwa kiasi gani? Tiketi za kuingilia zimo? Dereva anazungumza Kiingereza, na ataingia nasi ndani? Kuna kiti cha mtoto au nafasi ya kiti cha magurudumu? Safari ikifutwa, nitarejeshewa pesa?

Muhimu zaidi, mgeni atume orodha yake ya vituo mapema badala ya kusubiri orodha ya kampuni. Kwa mfano, gari liwachukue wageni saa tatu asubuhi na kuwapandisha Alfama. Saa nne wawe wameteremka Baixa na Carmo. Saa tano waingie makavazi ya Janelas Verdes kuiona dhahabu ya Kilwa, na kuanzia saa sita hadi saa saba wawe Belém. Ratiba hiyo inatosha katika nusu siku, ilimradi foleni zisiwe ndefu.

Siku ya Jumatatu haifai, maana makavazi hayo, makao ya Jerónimos na mnara wa Belém hufungwa. Aidha, majengo ya kale hufungwa mara kwa mara kwa ukarabati, hivyo ni vyema kuthibitisha juma moja kabla. Kwa kawaida kanisa lenye kaburi la Vasco da Gama huingiwa bila malipo. Ua wa ndani wa watawa ndio unaolipiwa, na foleni zake huwa ndefu.

Kuhusu gharama nyingine, Mkenya huhitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya usafiri ya angalau euro 30,000. Lisbon nayo hutoza wageni kodi ya malazi ya euro nne kwa kila usiku, tangu Septemba 2024, kwa muda usiozidi siku saba.

Kwa anayesafiri peke yake na mwenye miguu imara, tramu, basi na viatu vizuri vitamfikisha karibu kote tulikotaja kwa gharama ndogo zaidi. Gari la faragha huwafaa zaidi familia, wazee, na wale ambao saa zao zimehesabiwa kati ya ndege mbili.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Dereva wa Lisbon amezoea wageni wanaoomba mnara, vitumbua vya krimu vya Belém na picha ya daraja. Wa kumwambia asimame Janelas Verdes kwanza ni abiria aliyetoka upande ambako dhahabu ilitoka.